Lori Lililotoka Gereji na Tatizo Jipya: Namna ya Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Lori la zamani huingia gereji kwa sababu ya gasketi (kizibio kilicho chini ya silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini) iliyoungua, hukaa huko siku kadhaa, na siku linapotoka huwaka vizuri uani, hupakiwa mzigo, kisha kwenye mlima wa kwanza huanza kukosa nguvu, au kumisi (silinda moja kutowaka), au kuchemsha, mambo ambayo halikuwa nayo lilipoingia. Mwenye lori huvutwa na mawazo mawili: ama fundi ameiharibu injini, ama injini yenyewe imefika mwisho wake. Yote mawili huweza kuwa kweli, lakini mara nyingi zaidi kosa ni dogo na limekaa pale pale mikono ilipopita: mpira ambao klipu yake haikukazwa, waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye betri) uliosahauliwa, washa (pete bapa) ya shaba iliyochakaa ikarudishwa. Kwa sababu hiyo, lori lililotoka kutengenezwa halichunguzwi kama lori lililoharibikia njiani. Swali la kwanza si injini hii ina ugonjwa gani, bali ni kitu gani kilifunguliwa.

Maelezo haya yanahusu hasa injini za dizeli za zamani, zenye pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwenye nozeli, yaani vipulizio vya silinda) inayoendeshwa kwa gia au mkanda na zisizo na kompyuta. Injini za petroli nimezitaja pale tu zinapotofautiana.

Hatua ya kwanza: andika kila kilichoguswa

Kabla ya kushika spana, chukua karatasi. Andika kazi iliyofanyika, kisha chini yake andika vitu vyote ambavyo fundi alilazimika kuvitoa ili kuifikia kazi hiyo, hata kama havimo kwenye risiti. Aliyebadilisha gasketi ya silinda hedi ametoa pia mirija ya nozeli, nozeli zenyewe, manifoldi zote mbili (ya hewa na ya ekzosi), mpira wa rejeta wa juu, themostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto), tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu), waya wa kipima joto na pengine waya wa ethi uliofungwa kwenye hedi. Aliyeshusha tangi amevuta paipu ya kupeleka dizeli, paipu ya marejesho, waya wa geji na tundu la kupumulia. Karatasi hiyo ndiyo ramani yako, na ukiifuata kwa uaminifu hutahitaji kubahatisha.

Mpigie fundi simu na umwulize kwa adabu, bila kumlaumu: "Fundi, ulipofungua hedi ulibadilisha washa za nozeli au ulirudisha za zamani? Tapeti ulizipima injini ikiwa baridi au ya moto?" Fundi anayeulizwa swali mahususi hujibu kwa ukweli zaidi kuliko anayeambiwa kwamba ameua gari. Omba pia vipuri vya zamani vilivyotolewa. Nozeli kuukuu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ni kipimo bora cha nozeli mpya unayoitilia shaka.

Upande wa pili wa karatasi andika dalili kama zilivyo, si kama unavyozitafsiri. Usiandike "pampu imekufa". Andika kwamba injini ikiwa baridi huwaka kwa mzunguko wa tatu, hukaa vizuri kwenye sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), hupoteza nguvu ikiwa na mzigo kwenye gia ya tatu, na moshi huwa mweusi. Hitilafu inayotokea injini ikiwa baridi tu na ile inayotokea ikiwa ya moto tu hutoka mahali tofauti kabisa.

Hatua ya pili: macho na mikono, injini ikiwa imezimwa na imepoa

Weka kabari kwenye magurudumu. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto kwa namna yoyote, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo hukaa katika joto linalozidi nyuzi 100 bila kuchemka, na kifuniko kinapoachia hugeuka mvuke palepale na kumrukia aliye juu yake.

Angalia kiwango cha oili na rangi yake. Oili iliyopanda juu ya alama bila mtu kuiongeza imeingiwa na dizeli au maji; inuse, na kama inanuka dizeli usiiwashe injini hadi ujue inatoka wapi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Kisha pitisha mkono juu ya kila klipu, kila mpira na kila plagi ya waya iliyomo kwenye ramani yako, ukivuta kidogo. Jicho hudanganywa na mpira uliokaa mahali pake huku klipu yake ikiwa imelegea, mkono haudanganyiki.

Fungua pia bomba la hewa kutoka kwenye filta hadi kwenye manifoldi au turbo na uchungulie ndani kwa tochi. Mafundi huziba matundu kwa matambara ili uchafu usiingie, na si mara moja tambara limesahauliwa humo. Kama injini ina turbo, tambara hilo linaweza kuivunja kabla hata hujalipata.

Mwisho angalia kebo ya mafuta. Mtu mmoja akanyage pedali hadi chini huku wewe ukiangalia mkono wa pampu: je, unagusa bolti ya kikomo? Kama umebaki na nafasi ya upana wa kidole, lori halitapata nguvu yake yote hata ukibadilisha nozeli zote, na dawa yake ni kurekebisha kebo kwa dakika chache. Mkono wa breki ya ekzosi nao uwe umefunguka kikamilifu, kwa maana kipepeo chake kikibaki kimefunga nusu, injini hujisonga yenyewe.

Ikiwa injini haiwaki, au inawaka na kuzimika

Anza na umeme kwa sababu ni rahisi kupima. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6, mfumo wa volti 24 husoma karibu 25.2. Stata inapozungusha, ile ya volti 12 isishuke sana chini ya 9.6. Kama betri ni nzima na stata bado inazunguka kivivu, weka ncha moja ya kipima volti kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Usomaji ukizidi nusu volti, ethi ni mbovu: ama haikurudishwa, ama ilifungwa juu ya rangi au kutu. Injini ya dizeli inayozungushwa polepole haipati joto la kutosha kuwaka, na wengi wamepeleka pampu kutengenezwa ilhali ugonjwa ulikuwa waya mmoja.

Injini inayowaka sekunde chache kisha kuzimika ina mashaka mawili makubwa. La kwanza ni solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu. Waya wake ukilegea, dizeli hukatwa. Pima kama umeme unafika na unabaki hapo baada ya funguo kurudi kwenye nafasi ya kuendeshea, kisha sikiliza mlio mdogo wa "tik" unapouunga waya na kuuchomoa. La pili ni hewa kwenye dizeli, na hilo linastahili sehemu yake peke yake.

Hewa kwenye njia ya dizeli

Katika njia ya dizeli kuna upande wa kuvuta, kutoka kwenye tangi hadi pampu ya kuinulia, na upande wa kusukuma baada ya hapo. Upande wa kusukuma ukivuja, utaona dizeli ikidondoka. Upande wa kuvuta ukivuja hutaona tone, kwa kuwa badala ya dizeli kutoka, hewa huingia. Ndiyo maana paipu kavu na safi haimaanishi kwamba paipu ni nzima.

Toa hewa kwa utaratibu huu. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozeli. Kama bado haiwaki, legeza nati za mirija upande wa nozeli, zungusha kwa stata hadi dizeli ichuruzike, kaza moja baada ya nyingine. Dizeli inayotoka kwenye nozeli ina shinikizo la kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake huonekana dogo lakini ni la dharura hospitalini. Kwa hiyo usiweke kidole wala kiganja mbele ya mrija au nozeli. Kazi hii ya kulegeza nati ni ya mifumo ya zamani tu. Kwenye injini za reli ya pamoja (common rail), ambazo shinikizo lake huzidi bar 1,000, haifanywi.

Ikiwa hewa inarudi baada ya kutolewa, fanya jaribio la dumu, ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Chukua dumu safi lenye dizeli safi, liweke juu kuliko pampu ya kuinulia, peleka mpira kutoka kwenye dumu hadi kwenye mlango wa pampu hiyo, na mpira wa marejesho uurudishe ndani ya dumu lilelile. Washa. Kama tatizo limekwisha, basi lipo kati ya tangi na pampu: paipu, viungo, chujio la ndani ya tangi, au tundu la kupumulia lililozibwa. Kama limebaki, umeokoa siku nzima ya kushusha tangi.

Lori langu mwenyewe lilinifundisha hili. Lilitoka gereji likiwa na gasketi mpya na mpira mpya wa dizeli, likapoteza nguvu kila lilipopanda mlima na mzigo, na kwenye tambarare likawa zima. Nilibadilisha filta mara mbili na nozeli zikapelekwa kupimwa. Jaribio la dumu ndilo lililoonyesha kwamba injini haina kosa. Niliporudisha paipu ya tangi, nikamwomba kijana akanyage mafuta mimi nikiwa nimeinama kando ya chesisi, nikauona mpira ule mpya ukinywea katikati kama mashavu ya mtu anayenyonya mrija, kisha akaachia mafuta nao ukajaa tena. Ulikuwa mpira mwembamba wa maji, uliolainishwa na dizeli. Ukiutazama injini ikiwa imezimwa haukuwa na dosari yoyote.

Jambo jingine kuhusu tangi lililoshushwa: uchafu uliotulia chini kwa miaka hutibuka, hupanda na kuziba filta hata kama ni ya jana. Ukiona nguvu zinapungua polepole ndani ya siku mbili au tatu baada ya kazi ya tangi, fungua filta uimwage kwenye chombo cheupe kabla ya kuhukumu kitu kingine.

Injini inamisi: tafuta silinda yenyewe

Kwenye sailensa, legeza nati ya mrija wa nozeli ya kwanza robo mzunguko, ukiwa umeifunika kwa kitambaa kinene na uso ukiwa mbali. Silinda inayofanya kazi ikikatwa, mlio wa injini hubadilika na hutetemeka. Kaza, nenda ya pili. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo silinda iliyolala. Kwenye petroli jaribio ni hilohilo kwa kukata cheche ya plagi moja moja ukitumia koleo lenye mpira, huku waya ukigusishwa kwenye chuma cha injini ili koili isiumie.

Ukishaijua silinda, usinunue nozeli bado. Badilishana nozeli yake na ya jirani. Kosa likihama pamoja na nozeli, nozeli ni mbovu hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi. Likibaki palepale, nozeli haina hatia, tazama shinikizo la silinda, tapeti au mrija. Unapozitoa, chungulia kila shimo kwa tochi. Washa ya shaba ya zamani hupenda kubaki chini ya shimo, fundi huweka mpya juu yake, na nozeli hukaa juu kuliko inavyopaswa, ikipuliza dizeli mahali pasipo pake. Washa isiyokaa vizuri husikika kama "chaf, chaf" kwenye hedi na huacha duara jeusi la masizi. Mimina dizeli kidogo kuizunguka nozeli, na mapovu yatakuonyesha.

Kwa petroli, kosa la kwanza kulishuku baada ya gereji ni waya za plagi zilizopishanishwa. Mpangilio wa kuwaka wa injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2, na wa nyingi za silinda sita za mstari ni 1-5-3-6-2-4, lakini mpangilio wa injini yako umeandikwa kwenye kitabu chake au kwenye chuma chenyewe. La pili ni mpira mdogo wa vakyumu uliosahauliwa nyuma ya kabureta, unaoifanya sailensa ipande na kushuka.

Moshi

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo: filta ya hewa, tambara, mpira wa turbo uliochomoka, au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi. Mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli ni dizeli isiyoungua, ama kwa sababu ya taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) iliyochelewa, ama shinikizo dogo la silinda. Mweupe usio na harufu ya dizeli na usiokoma hata injini ikiwa ya moto ni maji. Wa bluu ni oili. Lakini kwenye injini iliyowekwa ringi mpya za pistoni, moshi wa bluu kidogo siku za mwanzo ni wa kawaida, na dawa yake ni kuipa injini mzigo wa wastani, si kuiacha ikinguruma kwenye sailensa saa nzima, jambo ambalo huzuia ringi kukaa.

Taimingi na shinikizo la silinda

Hapa ndipo gharama hupanda, kwa hiyo usifike kabla ya kumaliza yaliyotangulia. Ikiwa gia, cheni au mkanda wa taimingi ulifunguliwa, fungua kifuniko, zungusha krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili hadi alama zirudi. Kamshafti (mhimili unaofungua valvu) huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenkishafti, na ndiyo sababu mzunguko mmoja hautoshi. Ukikutana na kizuizi kigumu, simama. Huenda valvu inagusa pistoni. Jino moja la tofauti huifanya injini iwake kwa shida na kukosa nguvu. Kama pampu ya nozeli ilitolewa, tafuta mikwaruzo miwili inayopaswa kuelekeana, mmoja kwenye flenji ya pampu na mwingine kwenye chuma cha injini. Milimita chache huleta tofauti kubwa. Pampu iliyowahishwa huifanya injini igonge kama nyundo. Iliyochelewa hutoa moshi mweupe na kuipa ekzosi joto kupita kiasi.

Unapoiwasha kwa mara ya kwanza injini ambayo pampu yake ilifunguliwa, mtu asimame na ubao bapa karibu na mdomo wa kuingizia hewa. Pampu iliyofungwa vibaya huweza kuiacha injini ipande mizunguko bila kuzimika kwa funguo, na njia ya haraka ni kuinyima hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Shinikizo hupimwa kwa geji injini ikiwa ya moto, betri imejaa, na dizeli imekatwa. Dizeli nyingi zilizo nzima hutoa kati ya bar 20 na 35, petroli kati ya 9 na 13; kitabu cha injini ndicho hakimu. Kinachosema zaidi ni tofauti kati ya silinda. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imepasuka kati yake au haikukazwa sawasawa. Zote zikiwa chini kwa usawa baada ya gasketi mpya, uliza unene wa gasketi: injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti zinazotambulishwa kwa mikato midogo au matundu pembeni, na iliyo nene kupita kiasi hupunguza shinikizo na kufanya kuwaka asubuhi kuwe kwa taabu. Moja ikiwa chini peke yake, pima tapeti yake kwanza. Valvu isiyo na nafasi haifungi, na hilo hurekebishwa kwa bisibisi na spana bila kufungua hedi.

Injini inachemsha

Baada ya kazi ya maji, sababu ya kwanza ni hewa iliyonaswa. Jaza taratibu pua ya lori ikiwa imeinuliwa, hita ikiwa imefunguliwa, hadi themostati ifunguke, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 90. Themostati iliyopinduliwa, au iliyoondolewa kabisa kwa imani kwamba injini itapoa zaidi, ni makosa yanayoonekana mara kwa mara. Bila themostati, kwenye injini nyingi sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kuikwepa rejeta. Angalia kama kava la feni limerudishwa na kama feni imefungwa uso wake sahihi, kwani iliyogeuzwa husukuma hewa kidogo mno.

Kisha uichunguze gasketi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji hadi juu, washa na utazame dakika ya kwanza. Mapovu yanayokuja mfululizo kabla maji hayajapata joto ni gesi ya silinda. Mpira wa juu ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, maana yake ni hiyohiyo. Na kabla ya kuilaumu injini kwa kuchemsha au kukosa nguvu, simamisha lori baada ya mwendo mfupi bila kutumia breki sana, usogeze mkono karibu na kila ringi ya gurudumu bila kuigusa. Ringi moja yenye joto la ajabu ni breki inayoburura, na kama breki nazo zilitengenezwa safari hiyo, huenda injini yako haina kosa lolote.

Kurudi gereji

Ukishapata chanzo, kiache kama kilivyo ikiwa ni kosa la kazi yao, kipige picha, na upeleke lori pamoja na karatasi yako. Mweleze fundi ulichopima na ulichokiona, umruhusu arudie jaribio mwenyewe mbele yako. Msimamie kwa jambo moja tu: kibadilishwe kitu kimoja, lori lijaribiwe, ndipo kiguswe kingine. Baada ya marekebisho, jaribu lori likiwa na mzigo na kwenye mlima uleule lilikoshindwa, kisha likipoa kabisa uangalie tena oili na maji. Kama gasketi ilibadilishwa, soma kwenye kitabu kama bolti za hedi hukazwa tena baada ya kilomita kadhaa. Zile za kukazwa kwa digrii kwa kawaida hazirudiwi, za aina ya zamani nyingi hurudiwa, na kila zinapokazwa upya tapeti hupimwa upya.